Mboga, Unga na Uji: Maarifa ya Jikoni na Sayansi ya Lishe Afrika Mashariki, 1931–1994

Utangulizi

Katika Kiswahili cha bara neno mboga halimaanishi majani pekee. Anayeuliza "Leo mboga ni nini?" anaweza kujibiwa kwamba ni maharage, dagaa, mchicha, nyama au mlenda. Mboga ni chochote kinacholiwa pamoja na ugali, wali au ndizi. Mwambao, ambako neno kitoweo hutumika zaidi kwa samaki na nyama, mgawanyo ni tofauti kidogo, lakini msingi wake ni uleule: mlo una sehemu mbili, ile inayoshibisha na ile inayoiandama. Mtu aliyekula ugali mkavu husemwa amekula bila mboga, na kauli hiyo ni taarifa ya upungufu.

Makala haya yanachunguza namna sayansi ya lishe ilivyouangalia mlo huo wenye sehemu mbili, kuanzia ripoti ya kwanza kubwa ya lishe katika Kenya ya kikoloni, iliyochapishwa mwaka 1931, hadi tafiti za uji uliochachushwa zilizochapishwa Tanzania mwaka 1994. Hoja inayotetewa ni kwamba, kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho, watafiti walipima kinachoshibisha na kukipa mlo mzima jina lake. Vilivyokuwa pembeni, yaani majani, kunde, karanga, kimea na hatua za kuandaa chakula kabla hakijafika mezani, vilionekana katika takwimu zao lakini havikuingia katika hitimisho zao. Faida za kiafya za vyakula vya kila siku zilikuwa hapohapo pembeni.

Hoja hii haina budi kulindwa dhidi ya hoja nyingine inayofanana nayo, nayo ni kwamba mlo wa asili ulikuwa kamili hadi wageni walipouvuruga. Ushahidi hauungi mkono dai hilo. Njaa za msimu zilikuwapo, watoto walidhoofika walipoachishwa ziwa, na baadhi ya vyakula vya kawaida vina sumu visipoandaliwa ipasavyo. Kinachoweza kuthibitishwa ni jambo dogo zaidi lakini lenye uzito: kwamba jikoni palikuwa na maarifa, kwamba maarifa hayo yalihitaji muda na kazi, na kwamba muda na kazi hiyo vilikuwa vya wanawake.

Vyanzo vyenyewe vina kasoro inayopaswa kutajwa mapema. Karibu vyote viliandikwa na madaktari, maofisa na watafiti wa maabara. Wapishi wanaonekana ndani yake kama idadi, mara chache kama wasemaji. Kwa hiyo usomaji unaofuatwa hapa ni ule wa kutafuta ndani ya ripoti kile ambacho mwandishi wake alikiona na kukiacha.

Ripoti ya 1931 na majani ya wanawake

Mwaka 1931 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilichapisha ripoti ya John Boyd Orr na John Gilks kuhusu maumbile na afya ya Wakikuyu na Wamasai. Gilks alikuwa mkuu wa idara ya tiba ya koloni la Kenya. Orr alikuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Rowett huko Aberdeen, Uskochi, mtaalamu ambaye sifa yake ya awali ilitokana na utafiti wa malisho ya mifugo. Baadaye alikuwa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, na mwaka 1949 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Asili hiyo ya mifugo si jambo la kupuuza. Swali lililokuwa likiulizwa kuhusu ng'ombe na madini ya malisho lilihamishiwa kwa binadamu, na ng'ombe wa malisho mamoja hula chakula kimoja. Familia haili hivyo.

Matokeo yaliyonukuliwa zaidi ni rahisi kukumbuka. Mwanamume Mmasai alimzidi mwanamume Mkikuyu kwa wastani wa inchi 5 kwa urefu na ratili 23 kwa uzito, na nguvu za misuli yake zilipimwa kuwa zaidi kwa asilimia 50. Wakikuyu walionekana kuwa na upungufu wa damu, meno mabovu na kasoro za mifupa kwa wingi zaidi. Wamasai walionekana kusumbuliwa zaidi na matatizo ya tumbo na ya viungo. Sababu ilielezwa kwa sentensi moja: Wamasai wanakula maziwa, nyama na damu, Wakikuyu wanakula nafaka, viazi na ndizi. Sentensi hiyo ilisafiri. Katika miaka ya 1930, serikali ya Uingereza ilipoanza kujadili lishe katika makoloni kama suala la sera, ripoti hii ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa mara kwa mara.

Ndani ya ripoti hiyohiyo, hata hivyo, mna jambo jingine. Tofauti kati ya wanawake wa jamii hizo mbili ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya wanaume, na hali ya wanawake wa Kikuyu katika mambo kadhaa ilikuwa bora kuliko ya waume zao. Waandishi waliona pia kwamba wanawake hao walikula vitu ambavyo wanaume hawakuvila kwa kiasi hicho, hasa majani mabichi yenye kalsiamu kwa wingi. Kwa maneno mengine, katika nyumba moja, kwenye shamba moja, palikuwa na milo miwili, na mlo uliokuwa na majani zaidi ulikwenda sambamba na afya bora zaidi. Hapo palikuwa na ugunduzi. Waandishi waliutaja, kisha wakaendelea kulinganisha kabila na kabila.

Mwanahistoria Cynthia Brantley aliirudia ripoti hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka 1997. Alionyesha kuwa taswira ya Mkikuyu mla nafaka na Mmasai mla nyama haikutokana moja kwa moja na takwimu zilizokusanywa, kwa sababu takwimu zenyewe zilionyesha tofauti za jinsia, umri na mazingira ndani ya kila jamii. Kwa hoja ya makala haya kuna jambo la kuongeza. Mlo wa wanaume wa Kikuyu wa mwishoni mwa miaka ya 1920 haukuwa mlo wa asili ya Kikuyu hata kidogo. Ardhi ilikuwa imepungua kwa kutwaliwa na walowezi, kodi ilikuwa ikiwasukuma vijana kwenda kufanya kazi za ujira, na huko walilishwa posho. Kuuita mlo wa mazingira hayo desturi ya kabila ni kuisahau sera iliyouzaa.

Majani yenyewe hayakuwa na fumbo. Mchicha, mnafu, majani ya kunde, majani ya maboga na jamii zake yana karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, pamoja na foleti, vitamini C, madini ya chuma na kalsiamu. Mengi yaliota yenyewe kwenye mashamba ya mahindi na mtama baada ya mvua za kwanza, yaani wakati ghala lilipokuwa likikaribia kuisha. Kwa bwana shamba aliyefunzwa kilimo cha zao moja, hayo yalikuwa magugu. Kwa mwenye jiko yalikuwa mboga ya mwezi huo. Ni mwaka 1979 tu ambapo Anne Fleuret, akiandika kuhusu Lushoto katika milima ya Usambara, aliyafanya majani ya porini kuwa kiini cha utafiti badala ya tanbihi.

Upishi wake pia una maana kilishe. Karotini haifyonzwi vizuri na mwili pasipo mafuta. Mwambao mchicha hutiwa nazi, na katika sehemu nyingi za bara hutiwa karanga zilizotwangwa. Hapana haja ya kudai kwamba waliotunga mapishi hayo walijua karotini ni nini. Walijua kwamba mboga isiyoungwa haifai kupewa mgeni. Upande wa pili wa mizani uwekwe pia. Tafiti za miaka ya 1990 zilionyesha kuwa karotini ya majani hugeuka vitamini A kwa kiwango kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na mchicha una asidi ya oksaliki inayozuia sehemu ya kalsiamu yake isitumike. Majani ni chakula chenye faida kubwa, lakini hayafanyi kazi ya maziwa, mayai na samaki yote peke yake.

Posho, dona na sembe

Neno posho linahifadhi historia ambayo nyaraka zimeitawanya. Maana yake ya kwanza ni kiasi cha chakula anachopewa askari, mpagazi au kibarua. Nchini Uganda neno hilo likawa jina la ugali wenyewe. Chakula kikachukua jina la mkataba wa kazi.

Katika Kenya ya kikoloni kiwango cha kawaida cha kibarua kilikuwa ratili 2 za unga wa mahindi kwa siku, na maharage kidogo pale mwajiri alipopenda au alipolazimishwa. Mahindi yalikuwa yamefika mwambao tangu karne ya 16 kwa njia ya Wareno, lakini kwa muda mrefu yalikuwa zao moja kati ya mengi, yakichumwa mabichi na kuchomwa wakati mtama, uwele na ulezi vikisubiriwa. Kutawala kwake ni jambo la karne ya 20. Mahindi meupe ndiyo yaliyopandwa na walowezi, ndiyo yaliyokubalika katika soko la nje, na ndiyo yaliyosagwa kwa ajili ya vibarua, magereza na shule. Wafanyakazi waliporudi nyumbani walirudi na ladha yake. Hivyo rangi ya unga ikawa alama ya hadhi. Katika miaka ya uhaba ya 1970 na 1980 Tanzania ilipopokea mahindi ya njano kutoka nje, watu waliula unga wake shingo upande na kuubandika jina la mzaha, unga wa Yanga. Mahindi yale ya njano yalikuwa na karotini ambayo mahindi meupe hayana.

Kuhusu dona na sembe, maelezo yaliyozoeleka yanasema kwamba mashine ilikuja na kuuondolea unga uhai wake. Maelezo hayo ni ya kweli nusu. Sembe huondolewa pumba na kiini cha mbegu, na pamoja navyo huondoka sehemu kubwa ya vitamini za kundi B, mafuta, madini ya chuma na zinki, pamoja na nyuzinyuzi. Dona hubaki na vyote. Lakini kukoboa hakukuanza na mashine. Wanawake katika sehemu nyingi walitwanga mahindi kwenye kinu, wakapepeta pumba, wakaloweka punje kwa siku kadhaa, kisha wakatwanga tena ili kupata unga mweupe. Tofauti iko katika kuloweka. Punje zikikaa majini huanza kuchachuka, na uchachu huo hupunguza fitati, kemikali iliyomo katika nafaka ambayo hushika madini ya chuma na zinki na kuyazuia yasifyonzwe. Unga wa kinu ulipoteza kitu na kupata kitu. Unga wa kiwandani ulipoteza bila kupata. Na dona, ingawa ina madini mengi zaidi, ina fitati nyingi zaidi pia, tena mafuta yake huifanya iharibike haraka ghalani. Ndiyo sababu mojawapo ya mfanyabiashara kupendelea sembe.

Hapa kuna swali ambalo waandishi wa lishe hulipita haraka. Kutwanga ni kazi nzito. Mashine ya kusaga ilipofika kijijini iliwapunguzia wanawake saa nyingi za kazi, na hakuna mwanahistoria anayeweza kuwalaumu kwa kuipokea. Kilichopotea ni hatua ya kuloweka, ambayo ilikuwa imefungamana na kinu na haikuwa na jina lake yenyewe katika kitabu chochote cha ushauri.

Mulago: maziwa, kisha kitobero

Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, nchi ambayo leo ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto aliouhusisha na mlo wa mahindi, na mwaka 1935 akautaja kwa jina lake la Kiga: kwashakoo, kama linavyotamkwa sasa katika Kiswahili. Jina hilo lilihusu mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake anakuja. Kwa hiyo wanawake wa Kiga walikuwa wamekwisha kuutambua ugonjwa, umri wake na chanzo chake kabla ya daktari kufika. Wataalamu wengi wa wakati huo hawakulikubali jina wala maelezo. Kwa miaka kadhaa Hugh Trowell, aliyefika Kenya mwaka 1929 na kuhamia Uganda mwaka 1935, aliuona ugonjwa huo kama aina ya pelagra ya watoto.

Baada ya vita maoni yaliungana. Mwaka 1952 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo yalichapisha ripoti ya John Brock na Marcel Autret kuhusu kwashakoo barani Afrika, na mwaka 1954 Trowell, pamoja na Jack Davies na Rex Dean, alitoa kitabu kikubwa juu ya ugonjwa huo kutokana na kazi yao ya Kampala. Jibu lilikuwa protini, na chanzo cha protini kilichokuwa tayari kilikuwa unga wa maziwa yaliyotolewa mafuta. Katika hospitali ya Mulago watoto waliokaribia kufa walipona kwa maziwa hayo. Hilo si dogo, na halipaswi kudogoshwa na uhakiki unaofuata.

Jennifer Tappan, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu Uganda, ameonyesha kilichotokea baadaye. Kwa kuwa tiba ilikuwa maziwa ya hospitali, wazazi walijifunza kwamba utapiamlo ni ugonjwa wa hospitali, na kwamba dawa yake ni maziwa ya kopo. Matumizi ya chupa yaliongezeka, pamoja na kuhara kunakoletwa na chupa chafu. Mtoto aliyepona alirudishwa kwenye jiko lilelile bila jiko hilo kuongezewa chochote.

Kituo cha Mwanamugimu, kilichofunguliwa Mulago mwaka 1965, kiligeuza mwelekeo. Jina lake linatokana na methali ya Kiganda inayomhusisha mtoto mwenye afya na malezi ya mama yake. Akina mama walikaa kituoni na watoto wao, na waliowapikia watoto walikuwa wao wenyewe. Chakula chao kiliitwa kitobero: matoke, viazi au chakula kingine cha kushibisha, kikichanganywa na maharage, karanga, mboga za majani au samaki mdogo, kikafungwa katika jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke. Viungo vyote vilikuwa vya shambani na sokoni. Njia ya kupika ilikuwa ya Kiganda. Kipya kilikuwa uwiano wa viungo, na ukweli kwamba mtoto alipikiwa chakula chake peke yake. Mama aliyemwona mtoto wake akiponea mikononi mwake, kwa chakula alichokipika yeye, hakuhitaji kuambiwa kwamba dawa iko hospitalini.

Mwaka 1974 Donald McLaren aliandika katika jarida la Lancet kwamba msisitizo wa dunia juu ya protini ulikuwa kosa kubwa, kwa sababu watoto wengi walipungukiwa chakula kwa jumla. Mwaka uliofuata kilitoka kitabu kuhusu wanga uliokobolewa na maradhi, kilichohaririwa na Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka 20, akishirikiana na Trowell yuleyule. Hoja yao ilikuwa kwamba wakulima wa Afrika Mashariki waliugua mara chache sana maradhi ya utumbo mpana, kufunga choo na kisukari yaliyoenea Ulaya, kwa sababu mlo wao ulikuwa na nyuzinyuzi nyingi. Ajabu ya historia iko hapo. Nafaka na ndizi zilizolaumiwa mwaka 1931 kwa wanaume wafupi, na mwaka 1954 kwa watoto waliovimba, mwaka 1975 zilipendekezwa kwa Waingereza kama kinga. Chakula hakikuwa kimebadilika. Waliobadilika ni walaji waliokuwa katika akili ya mtafiti: kwanza kibarua, kisha mtoto aliyeachishwa ziwa, mwisho mtu mzima wa mjini London.

Kimea na togwa

Tanzania ilianzisha Taasisi ya Chakula na Lishe mwaka 1973. Mwaka huohuo kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, na mwaka 1975 ikafuatiwa na Chakula ni Uhai. Kampeni hizo zimeandikwa sana katika historia ya elimu ya watu wazima. Kilichoandikwa kidogo ni kile ambacho watafiti wa taasisi walikigundua muongo uliofuata kwa kuangalia vyungu vya pombe.

Tatizo lilikuwa uji. Unga wa nafaka ukipikwa huvimba na kunywa maji. Ili uji uwe mwepesi kiasi cha kumezwa na mtoto wa miezi minane, unga unaoweza kutiwa ni kidogo sana. Tumbo la mtoto hujaa kabla hajapata nguvu anazohitaji. Mtoto anaweza kushiba uji mara tatu kwa siku na bado akakonda, na mama yake akasema kwa haki kabisa kwamba anakula. Ushauri wa kuongeza mafuta au maziwa ulikuwa sahihi, ila ulihitaji fedha.

Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha maelezo ya njia isiyohitaji fedha. Mtama au ulezi huloweshwa, huachwa uchipue kwa siku chache, hukaushwa, kisha husagwa. Kwa Kiswahili kitu hicho kina jina la siku nyingi: kimea. Nafaka inapochipua hutengeneza kimeng'enya cha amilesi kinachovunja wanga. Kijiko kidogo cha unga wa kimea kikitiwa katika uji mzito uliopoa kiasi cha kunyweka, uji huo hulainika na kuwa mwepesi katika dakika chache mbele ya macho ya mpishi. Hivyo unga unaotiwa unaweza kuongezwa mara mbili au zaidi bila uji kuwa mgumu kumezwa.

Kila mpika pombe wa kienyeji alikijua kimea. Hakuna sehemu ya nchi inayotengeneza pombe ya nafaka ambayo haikuwa na mwanamke anayejua siku ya kuutoa mtama majini. Lakini maarifa hayo yaliishi katika kazi ambayo wamisionari waliihubiri vibaya na serikali ya kikoloni iliiwekea leseni, na hata baada ya uhuru pombe ya kienyeji iliendelea kutajwa katika hotuba kama adui wa maendeleo. Si ajabu kwamba wahudumu wa afya hawakwenda kutafuta chakula cha mtoto kwa mpika pombe. Ni maoni ya makala haya kwamba hapo, kuliko mahali pengine popote, ndipo sayansi ya lishe ilipolipia gharama ya kutosikiliza.

Togwa ni ndugu wa karibu wa kimea. Uji wa mahindi, mtama au ulezi hupozwa, hutiwa kimea, kisha huachwa usiku kucha uchachuke. Kinywaji kinachopatikana ni kitamu chenye ukali kidogo, si kileo katika siku zake za kwanza, na katika mikoa ya Iringa, Mbeya na Ruvuma hunywewa na watu wa rika zote. Uchachu huo hutokana na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki. Asidi inapoongezeka, vijidudu vingi vinavyoleta kuhara hushindwa kustawi. Mwaka 1993 Svanberg, Lorri na Sandberg walionyesha maabara kwamba kuchachusha hupunguza fitati na kuongeza madini ya chuma yanayoweza kufyonzwa. Mwaka 1994 Lorri na Svanberg walichapisha utafiti wa vijijini Tanzania ulioonyesha kuwa kuhara kulikuwa kuchache zaidi kwa watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa. Wilbald Lorri aliongoza taasisi hiyo ya lishe baadaye. Utafiti wa uji uliochachushwa, kwa maana hiyo, haukuwa kazi ya mgeni mpita njia.

Wakati huohuo Iringa ilikuwa na mradi mkubwa wa lishe ulioungwa mkono na Shirika la Afya Duniani na UNICEF kuanzia mwaka 1983, ukianzia katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito hadharani, na kijiji kilijadili kwa nini fulani amepungua. Idadi ya watoto wenye utapiamlo mkali ilishuka waziwazi ndani ya miaka mitano. Mradi ulikuwa na sehemu nyingi, kuanzia chanjo hadi malezi ya mchana, kwa hiyo haiwezekani kukipa chakula kimoja sifa hiyo. Lakini mijadala ile ya kijiji ilileta jambo ambalo mizani haioni: mama akiwa shambani tangu alfajiri hadi alasiri, mtoto hula mara mbili, hata kama ghala limejaa. Kimea kinasaidia hapo, na togwa inasaidia zaidi kwa sababu hukaa siku nzima bila kuharibika na mtoto mkubwa anaweza kumnywesha mdogo. Thamani ya vyakula hivyo kwa afya haitenganiki na ratiba ya siku ya mwanamke.

Tahadhari moja ya wataalamu iliambatana na kimea cha mtama. Machipukizi ya mtama yana kemikali inayotoa sianidi, kwa hiyo hayana budi kuondolewa kabla ya kusaga. Ulezi hauna tatizo hilo kwa kiwango hicho. Sianidi hiyohiyo inaipeleka historia hii kwenye muhogo.

Tarime, 1985

Muhogo mchungu hustahimili ukame na hauliwi na wanyama waharibifu kirahisi, na sababu ya jambo hili la pili ni sumu yake. Ili uliwe, humenywa, huvundikwa au kulowekwa kwa siku kadhaa, huanikwa hadi ukauke, kisha husagwa au kutwangwa. Kila hatua hutoa sehemu ya sianidi. Majani yake, kisamvu, hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kwa sababu hiyohiyo, na hakuna mpishi wa kisamvu anayehitaji kuelezwa kwamba hakiliwi kikiwa nusu kibichi.

Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu katika wilaya ya Tarime, mkoani Mara, wengi wao wakiwa watoto na wanawake, walipooza miguu ghafla. William Howlett na wenzake, walioandika kuhusu mlipuko huo mwaka 1990, waliutambua kuwa ni konzo, ugonjwa ulioelezwa na daktari Trolli huko Kongo ya Kibelgiji mwaka 1938 na unaobeba jina la Kiyaka linalohusu miguu iliyofungwa. Hupooza mara moja na hauponi kabisa.

Watu wa Tarime hawakuwa wageni wa muhogo. Walijua kuuandaa, na katika miaka ya kawaida walikuwa wakiula bila madhara hayo. Ukame uliondoa vyakula vingine vyote, na njaa ikafupisha siku za kuandaa. Muhogo uliotakiwa kukaa siku kadhaa ulifika chunguni mapema na sehemu kubwa ya sumu yake.

Kuna sababu ya pili, na kwa makala haya ndiyo nzito zaidi. Mwili wa binadamu una uwezo wa kuiondoa sianidi kidogo inayoingia kwa kuigeuza kuwa kitu kisicho na sumu kali, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa hiyo hutoka katika protini. Protini hiyo haimo kwa kiasi cha kutosha katika unga wa muhogo. Imo katika dagaa, maharage, karanga, maziwa na nyama. Mtu aliyekula muhogo huohuo, ulioandaliwa kwa haraka hiyohiyo, lakini akiwa na bakuli la dagaa pembeni, alikuwa na kinga ambayo jirani yake hakuwa nayo. Waliopooza walikuwa wamekula ugali wa muhogo kwa wiki nyingi, bila mboga.